Nyasi za Uwanja wa Shule

Nilifungwa miezi sita kwa kupika chang'aa, pombe haramu. Mwezi wa kwanza niliukaa katika gereza moja upande wa Kitale, nikiwa nimenyolewa kipara, nikihesabiwa asubuhi na jioni nimechuchumaa. Kisha afande mmoja akaniita, akaniambia wenye makosa madogo wanamalizia kifungo kwao, wakifanya kazi ya umma bila malipo.

"Ukizembea, unarudi hapa."

Nilimshukuru nikiwa nimepiga magoti. Akacheka.

Kwetu ni karibu na Sirisia. Naibu wa chifu alisoma karatasi yangu, akasema nitafyeka nyasi katika shule ya msingi. Nikamwomba anipeleke kwingine, hata kuchimba choo cha soko, maana binti yangu alikuwa darasa la sita pale.

"Ukipika hukujua ati uko na mtoto shuleni?"

Aliyepaswa kutia sahihi karatasi yangu kila siku ni mwalimu mkuu. Mtu huyo alikuwa mteja wangu. Kila Jumamosi alikuwa akiingia kwangu kwa mlango wa nyuma, akinywa upesi upesi, akifuta mdomo kwa leso nyeupe. Siku yangu ya kwanza ya kazi hakunisalimu. Alingoja wanafunzi wapange foleni za paredi, akaniita mbele na slasha yangu ya kufyekea mkononi.

"Mnamwona huyu? Ndiye alikuwa akiwauzia baba zenu sumu. Mama, hebu toa kitambaa."

Nilitoa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota viraka viraka. Watoto wakaangua kicheko. Akaangaza macho kwenye foleni ya darasa la sita, akamwita binti yangu.

"Huyu ni nani wako?"

Mtoto alitazama chini. "Simjui, mwalimu."

"Sema kwa nguvu."

"Simjui!"

"Vizuri. Basi wewe utamsimamia. Akikaa chini, uje uniambie."

Ningeweza kusema neno moja tu kuhusu zile Jumamosi zake. Lakini kalamu ilikuwa mfukoni mwake, nami gereza la Kitale nilikuwa nimeliona. Nikafunga kitambaa, nikaanza kufyeka.

Miezi mitano, kila mapumziko, wenzake wakicheza, binti yangu alisimama kando ya uwanja akinitazama. Mara mbili mgongo ulinikaza nikaketi. Mara mbili akaenda ofisini. Mara ya pili mwalimu mkuu alikataa kutia sahihi kazi ya siku tatu, nikairudia yote.

Jioni ile nilimwuliza mtoto kwa nini.

"Alisema nikikuficha atanichapa mbele ya shule nzima, mama."

Nilimzaba kofi, kisha la pili. Hasira niliyoogopa kumwonyesha mwalimu niliimalizia kwa mwanangu wa kumzaa. Hakulia. Aliokota ndoo, akaenda mtoni.

Alipomaliza darasa la nane alihamia Bumula kwa shangazi yake, dada ya marehemu mume wangu. Hakurudi hata Krismasi. Miaka ya tisini nikasikia kwa watu kwamba anaolewa, nikaenda bila kualikwa. Mchungaji alipomwita mama wa bibi harusi, shangazi ndiye aliyesimama. Binti yangu aliniona. Najua aliniona, maana alikaza macho kwangu kidogo, kisha akamshika shangazi mkono.

Nilikula wali na majirani waliokuja na shangazi, nikanawa, nikatafuta njia ya kurudi Sirisia kabla keki haijakatwa.