Ajira Inayoshuka Bei

Juzi nilikuwa kwenye duka la mapazia Kariakoo, na binti anayeuza pale akanisahau na kitambaa mkononi. Alikuwa amepata kazi. Ujumbe wa wasapu kutoka kwa meneja wa hoteli ulisema amechaguliwa kukaa mapokezi, usaili hakuna, atume tu elfu hamsini ya sare leo hii.

Mwenye duka, mama wa makamo, hakumkataza. Alimwambia, "Omba akupunguzie."

Binti akaandika. Jibu likarudi hapo hapo: thelathini.

"Sasa mwambie unaondoka."

Akaandika, "Basi kaka, acha tu." Simu ikaita. Akaweka spika, na sote tukamsikia huyo meneja wa hoteli: "Dada, njoo basi. Kwani una ngapi hapo?"

Tulicheka mpaka muuza sufuria wa jirani akaja kuchungulia. Binti alikata simu, akaifungia ile namba, akarudi kunipimia pazia.

Mwajiri wa kweli anakwambia atakulipa ngapi. Anayeuliza una ngapi ni muuzaji, tena hana hata bidhaa.

Bei ya pazia ilipotajwa, nami nikajaribu. "Acha tu mama, nitarudi."

Akaniangalia. "Kwani una ngapi hapo?"