Kompyuta ya Kuunga, Kutoka Segese Hadi Runzewe

Kwaya ya mtaani kwetu ilirekodi video kwa kamera mpya, na kamera hiyo ndiyo iliyoniponza. Picha zake ni safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu vifungo vya mashati ya waimbaji wa mstari wa nyuma, lakini kompyuta yangu ilizifungua kwa shida, ikapata joto, ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Mimi ni mhariri wa video hapa Nyasubi, Kahama. Nina chumba kimoja ninachokiita studio, na nyumba yangu inakula kwa harusi, kwaya na ngoma za mavuno. Viongozi wa kwaya walinipa muda hadi Jumapili ya uzinduzi. Nikishindwa, picha zao zinakwenda Mwanza, na wateja wengine watafuata njia hiyohiyo. Mume wangu, Baba Kulwa, si mtu wa maneno mengi. Aliniambia tu kwamba kuna muuza vifaranga anakitaka kile chumba.

Dukani mjini, kompyuta mpya yenye nguvu ilikuwa na bei ambayo hata muuzaji aliitaja akiangalia pembeni. Nikaamua kuunga ya kwangu, kifaa kimoja kimoja, kwa vitu vilivyotumika. Nilichohitaji nilikijua: prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, mazabodi ya kuibeba, ramu za kutosha, maana video ni nzito na ramu ndiyo meza ya kuitandaza, kadi ya picha, na pawa saplai ya kugawa umeme. Nisichokijua ni wapi ningevipata kwa hela niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimesikia kwamba ofisi za ukanda wetu wa migodi huuza kompyuta zao zikichoka, na kwamba Segese kuna watu wanazinunua kwa lundo. Nikafunga safari. Wasiwasi nilikuwa nao, sikatai, lakini hamu ya kwenda kuona ilikuwa kubwa zaidi.

Asubuhi nilipata mchomoko, zile gari ndogo za kuchangia nauli, nikakaa mbele na dereva. Njia nzima alizungumzia bei ya dhahabu kama watu wa kwetu wanavyozungumzia mvua: imepanda, imeshuka, jana ilikuwa hivi. Kulia na kushoto yalikuwa majaruba ya mpunga, kisha udongo ukageuka, vikaonekana vichuguu vya mawe yaliyosagwa. Alipojua ninachokifuata alinitazama mara mbili. “Kompyuta Segese? Dada, huku watu wanafuata mawe.”

Segese nilielekezwa kwa Baba Mabula, mzee wa makamo mwenye ghala la bati nyuma ya mashine za kusagia mawe, ambazo huku huitwa karasha. “Mwangaluka, mayo,” alinisalimu kwa Kisukuma, nami nikaitikia. Kusikia naitwa Mama Kulwa, akauliza palepale, “Na Doto hajambo?” Huku kwetu ukimtaja pacha mmoja lazima wa pili aulizwe hali, hata na mtu asiyewahi kuwaona.

Ndani ya ghala nilisimama nikashindwa pa kuanzia. Magunia yalijaa mazabodi, waya, masanduku matupu ya kompyuta. Mezani kulikuwa na mizani ya dhahabu ndani ya kiboksi chake cha kioo, ile ambayo hata upepo wa pumzi unaisumbua. Kando yake kulikuwa na beseni la ramu. Niliruka kwa furaha, nikachukua moja, na furaha ikaishia hapo. Ukingo wake wa chini, kule kwenye meno ya njano yanayoingia kwenye mashine, ulikuwa umekatwa kwa mkasi wa bati. Nikachukua nyingine, vilevile. Beseni zima lilikuwa vibogoyo.

“Hizi zimepatwa na nini?” nikauliza.

“Tumezing'oa meno,” alisema kwa utulivu wa mtu anayeeleza anavyomenya muhogo. “Ile njano si dhahabu? Inakwenda kwa watu wa kuchemsha. Wao wanaitoa kwa dawa, wanaipeleka kwenye moto.”

“Na hakuna anayekuja kununua nzima?”

“Watu wa kompyuta hawafiki huku, mama. Wanaofika ni wa kuchemsha.”

Nilimwomba anionyeshe biashara yake, naye alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Kumbe kila kitu pale kilikuwa na bei kulingana na dhahabu iliyomo. Prosesa za kale, nene kama biskuti, zenye tumbo lote la njano, alizifungia kwenye kabati. “Hii ndiyo mali,” alisema. Mimi nilijua kwamba mali ile haiwezi kufungua hata picha moja ya simu ya siku hizi. Halafu akanionyesha kikapu cha “mabati”, prosesa bapa za miaka ya karibuni, zenye madoa madogo tu ya njano upande wa chini. Hizo hazikuwa na thamani kwake. Nilipekua kikapu polepole nikisoma maandishi ya mgongoni, na mkono ukasita. Nilikuwa nimeshika prosesa ya kazi nzito, ya zile wanazotumia wahandisi kuchora ramani za mashimo ya chini ya ardhi.

“Na mazabodi yake ipo?”

Ilikuwepo, kwenye gunia lililokuwa limefungwa tayari kuondoka. Baba Mabula alitaja bei yake mwenyewe, bei ya bati. Nililipa haraka, nikatazama chini kama mtu anayetafuta kiatu, maana nilihisi meno yangu yote yako nje.

Karasha za nyuma ziliwashwa wakati tukiagana. Taa ya ghala ikafifia, ikarudi, ikafifia tena. “Hapa hata jokofu linatetemeka,” alisema Baba Mabula, akacheka.

Geita mjini nilifika jua likiwa bado kali. Nilikwenda kwa Zulfa, fundi wa kompyuta ambaye tulijuana kwa simu kupitia kundi la wahariri wa video. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka Tanga akaweka makazi, na Kiswahili cha Zulfa bado kina utamu wa huko. Alipuliza vumbi kwenye mazabodi, akaweka ramu yake moja ya kupimia, akaunganisha umeme. Feni ikazunguka. Kioo kikaandika jina la prosesa.

“Dada, umeokota,” alisema. “Umeitoa wapi?”

Nikamweleza. Alishika kiuno akacheka hadi mteja wa mlango wa pili akachungulia.

Kisha tukaingia kwenye kazi ya kuchagua, na hapo ndipo nilipoona ugumu wa kuwa na hela kidogo na macho mengi. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na kadi ya picha yenye feni tatu na taa za rangi. Kichwani nilikwisha kuiona ikiwaka studioni kwangu, wateja wakishangaa. Zulfa aliniona.

“Wewe unakata video za kwaya au unacheza gemu?”

“Kwaya.”

“Basi hiyo achana nayo. Kazi yako inabebwa na prosesa na ramu. Chukua hii ndogo iliyotumika, inajua kufungua na kufunga video, yatosha. Ila pawa saplai nunua mpya na nunua nzuri. Umetoka Segese, umeona taa zilivyokuwa zikifanya? Umeme wetu huu ukiyumba, pawa saplai ya kubahatisha inaondoka na kila kitu.”

Nilifanya alivyosema, ingawa niliitazama ile ya feni tatu mara moja zaidi. Nikaongeza na diski ya kasi. Ikabaki ramu, na hapo Zulfa akakunja uso. Mazabodi yangu ni ya mashine za wahandisi, haikubali ramu za kawaida. Inataka za aina yake, kama ile moja aliyobakiza ya kupimia.

“Nilikuwa nazo nyingi,” alisema. “Enzi zile hazikuwa na mteja, nikaziuza kama chakavu. Leo zinatafutwa mpaka Dar, bei imepaa.” Akanitajia bei ya leo, nikameza mate. “Kuna mama mmoja wa Runzewe alizinunua zote. Kila akija mjini alichukua mbili, mpaka zikaisha. Kompyuta hana. Sijui anazifanyia nini.”

Akanipa namba yake. Nililala kwa Zulfa.

Kesho yake nilipita Katoro na Bwanga, sanduku la vifaa mapajani, nikifikiria mwanamke anayenunua ramu mbilimbili bila kompyuta. Mama Limi nilimkuta sokoni Runzewe, anauza mchele na karanga. Ni mjane, umri wa mama yangu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyepiga simu? Twende nyumbani, huwezi kuongea na njaa.”

Alinipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, akaningoja nimalize, ndipo akaingia chumbani na kutoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani, zimeviringishwa kwenye kanga, zilikuwa ramu. Nzima. Meno yote kinywani, ya njano, yanang'aa. Nilizigeuza moja moja. Zilikuwa za aina niliyoitaka, nyingi, na mimi nilihitaji nne.

“Hii ni akiba ya Limi,” alisema. “Binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Baba yake alichimba duara, shimo la dhahabu, hadi likamla afya, akaondoka bila kuacha hata pointi moja. Mimi nikasema, dhahabu nitainunua kidogo kidogo, wanapoitupa wenye kompyuta.”

“Ulijuaje kwamba ni dhahabu?”

“Ah! Nimeolewa na mchimbaji, nitanunua bila kupima?” Akachomoa ramu moja aliyoitenga chini kabisa ya kopo. Meno yake yalikuwa yamelika kwa kupimwa. Aliisugua kwenye jiwe jeusi la wanunuzi wa dhahabu, akadondoshea dawa, na rangi ya njano ikakataa kufutika. “Ikakubali. Kwa hiyo kila moja naiuza kwa pointi moja ya dhahabu, bei ya leo.”

Pointi ni sehemu ya kumi ya gramu. Nilipiga hesabu kichwani na moyo ukashuka. Kwa bei hiyo hela yangu ilitosha mbili.

“Mama,” nikasema, “dhahabu ni kweli ni dhahabu. Lakini ni nyembamba, kama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi. Hata kopo hili zima ukilichemsha, sidhani kama utafikisha pointi chache.”

Hakubisha. Aliyemzika mchimbaji anajua sura ya jiwe lisilo na kitu. Alizirudisha ramu kwenye kanga, akazifunga, akazifungua tena. “Basi yote haya ni takataka,” alisema. “Chukua unazotaka. Nipe chochote, walau nauli ya Limi.”

Nne zilikuwa mbele yangu, kwa bei ya soda. Nilichomwambia kilikuwa kweli tupu. Ningeweza kuishia hapo, nikashukuru, nikapanda gari, na studio yangu ingepona. Nilifikiria muuza vifaranga. Nilifikiria pia Baba Mabula, lakini yule alipanga bei mwenyewe na kikapu akakiita mabati. Huyu, aliyeigeuza mali yake kuwa mabati ni mimi. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kopo, na niliona haya kuutazama.

“Sijamaliza, mama,” nikasema. “Dhahabu ya maana hamna. Lakini zikiwa nzima hivi, zinafanya kazi, na watu wa kompyuta wanazitafuta mpaka Dar. Kila moja ina bei inayokaribiana na hiyohiyo uliyoitaja. Zulfa wa Geita atazinunua leo ukimpigia.”

Alilivuta kopo upande wake.

“Mbona hukuanza na hilo?”

“Tamaa, mama.”

Alihesabu ramu mbili, akaziweka upande wangu, akafunga zilizobaki. Bei hakupunguza hata senti, nami sikuthubutu kuomba. Ilibaki nauli ya kunifikisha Kahama kupitia Ushirombo na Masumbwe.

Nyumbani nilitandika kitenge sakafuni nikaunga mashine ndani ya sanduku la ile ya zamani. Baba Kulwa alisimama mlangoni. Nikawasha, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa ramu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli cha watoto, nikazirudisha kwenye nafasi zake. Mbili zikajaa, mbili zikabaki wazi. Nikawasha tena. Video ya kwaya ikafunguka yote, vifungo na vyote, na haikukatika. Nililia, na sitaki kusema ni kwa sababu ya vumbi. Baba Kulwa alitazama wimbo mzima akiwa amesimama, kisha akatoka kwenda kumpigia simu muuza vifaranga.

Jumapili uzinduzi ulifanyika. Mashine yangu si ya kasi niliyoiota. Kazi ndefu inaniomba subira, na hapo ndipo ramu mbili zisizokuwepo zinapojitangaza. Lakini nimejifunza namna ya kununua. Kabla ya kifaa chochote sasa najiuliza kitafanya kazi gani kwangu, na kabla ya kulipa namtazama anayeniuzia, kama anajua anachouza. Hilo la pili hunigharimu, na bado sijalizoea.

Wiki iliyofuata Mama Limi alinipigia. Zulfa alikuwa amefika mwenyewe Runzewe, na Limi ameripoti chuoni. “Nimebakiza mbili,” alisema. “Nikakumbuka mashine yako inataka nne.”

“Wabeja, mama! Wabeja sana!”

“Ngoja, usishukuru kwanza,” alinikatiza. “Zulfa ananiambia zimepanda tena.”