Siku Nne Buloko kwa Ajili ya Themanini na Moja

Nilifungwa siku nne katika buloko ya Kasongo kwa sababu ya mwanamuke mumoja wa Norvège, kule Ulaya, ambaye sijakutana naye mupaka leo.

Hakuninyang'anya bwana. Hakunitukana. Hata jina langu hakulijua.

Kosa lake yeye: alivaa mbao miguuni akashuka mulima wa theluji mbio. Kosa langu mimi: nilimupenda kwa sauti kubwa.

Kaa vizuri nikusimulie.

Naitwa Sidonie. Nina miaka themanini na saba. Meno yamebaki ya kuhesabu, lakini kichwa kiko timamu kabisa. Mutoto wa binti yangu ndiye anaandika haya kwenye simu, mimi nasema tu. Akikosea, mumulaumu yeye.

Ulikuwa mwaka wa 1958. Wabelgiji bado wanatutawala, na hakuna aliyekuwa anasema wazi kwamba wataondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu ni Wamaza, kule Kabambare, watu wa mupunga na karanga. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na Kifaransa kidogo cha kujitetea, halafu nikaja Kasongo kupiga pasi kwa Madame mumoja wa Kizungu.

Nilikuwa na muchumba pia. Jean-Marie. Karani kwenye biro ya serikali, kwa Muzungu tuliyemuita Bwana Ajenti. Suruali imenyooka, kalamu mufukoni, Kifaransa kinatoka kama maji. Wasichana wenzangu walinionea wivu mubaya.

Sasa, jioni moja kabla ya Noeli, wakatuletea sinema.

Walitundika kitambaa cheupe kwenye uwanja wa misioni. Wazungu na viti vyao mbele ya kitambaa. Sisi weusi nyuma yake, chini, kwenye majani. Picha inapita kitambaa mupaka upande wetu, basi tunaona bure.

Zikapita picha za kanisa. Zikapita picha za ng'ombe wanene. Mara ukatokea mulima muzima, mweupe, kuanzia juu mupaka chini.

"Ni unga!" mutu mumoja akasema.

"Unga gani huo? Ni chumvi!"

Mimi nikasema, "Ni barafu. Kama ile ya ndani ya frigo ya Madame."

"Mulima muzima?"

"Muzima."

"Acha uongo, wewe!"

Hapo ndipo akatokea yule dada. Kifuani namba themanini na moja. Alikuja kama mutu anayefukuzwa na nyuki. Katikati ya njia muguu mumoja ukaruka juu, mukono ukagusa theluji, mwili wote ukalala upande. Uwanja muzima tukashika vichwa.

Hakuanguka.

Sijui alifanyaje. Alijirudisha mwenyewe, akakunja magoti, akaendelea kushuka kama vile hakuna kilichotokea. Nikajikuta nimesimama napiga kelele: "Twende, dada! Twende!"

Alishinda. Katekista wa misioni akalisikia jina lake kwenye sinema, Halvorsen. Midomoni mwetu likawa Alivoseni. Lakini wengi wetu tulimuita Themanini na Moja tu.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Nilikuwa na goti lake kichwani.

Basi, Madame alikuwa na radio. Kila asubuhi anaiwasha akinywa kahawa, na mimi napiga pasi chumba cha pili. Baada ya habari za mufalme na za bei ya pamba, wanataja michezo. Wanataja mashindano ya ski, yale ya mbao miguuni. Naacha pasi, naandika kwenye kadaftari kangu: nani wa kwanza, dakika ngapi, sekunde ngapi.

Shati moja la bwana yake liliungua hivyo. Nilisema ni makaa.

Jumapili, saa nane muchana, nasoma ile daftari kwenye baraza ya Fundi Amisi, mushonaji. Fundi alikuwa Mwislamu, mutu wa makamo, na alikuwa ameona sinema ile ile. Lakini yeye alikuwa upande wa yule aliyekuwa wa pili siku ile, mwanamuke wa Autriche mwenye kofia ya kubana. Tulimuita Mama Kofia.

"Huyu wako ana fujo, mwanangu," Fundi ananiambia. "Anarusha mikono kama anafukuza ndege kwenye mupunga."

"Na bado anashinda, Fundi."

"Siku moja atavunjika. Mama Kofia anajua kuinama. Tazama!"

Halafu anapanda juu ya benchi, tepe ya kupimia shingoni, anakunja magoti, anaweka ngumi chini ya kidevu. "Upepo utanishika wapi? Nani aniambie, utanishika wapi?"

"Kwenye tumbo!" watu wanajibu.

Wengi walikuja kutucheka, wakabaki. Mwezi wa pili ulipoingia tulikuwa kama watu thelathini. Wanaume, wanawake, Waislamu, Wakristo. Tunagombana kabisa kuhusu magoti ya watu wa Ulaya.

Jean-Marie hakupenda. Jumapili moja alinisindikiza nyumbani, peke yetu wawili, anasukuma baiskeli, mudomo umevimba.

"Muke wa karani hakai barazani kubishana na wanaume. Na mambo yenyewe ni ya Wazungu. Wewe theluji inakuhusu nini?"

"Inanifurahisha."

"Watu wanacheka mimi, Sidonie."

"Waache wacheke. Jumapili ijayo ni mashindano makubwa. Themanini na Moja akishinda, nitacheza mbele ya biro yenu, Bwana Ajenti atoe kichwa dirishani anitazame!"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi ile, mapulisi wakaja.

Walinikuta kwa Fundi Amisi nimepeleka kitambaa. Wakachukua daftari yangu. Wakatuchukua na sisi wawili. Eti tunafanya mikutano ya siri bila ruhusa. Eti ni dini iliyokatazwa.

Usiku wa kwanza nililia, sikufichi. Wa pili sikulia tena. Nilikuwa na hasira.

Jumamosi wakanipeleka kwa Bwana Ajenti. Jina lake sitalitaja, ana watoto. Alikuwa kijana wa Kizungu, shingo nyekundu, Kiswahili chake cha kuamuru tu. Pembeni yake, kwenye mashine ya kuandika, nani? Jean-Marie. Ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni: masikini, anaona aibu kuniona hivi.

Mulangoni alisimama pulisi mumoja anaitwa Bulaimu.

Bwana Ajenti akapiga daftari yangu mezani.

"Themanini na moja. Ni hesabu ya watu wenu?"

"Hapana, Bwana. Ni mutu mumoja. Anashuka mulima."

"Mulima gani?"

"Wa theluji. Kule kwenu."

"Na huyu Alivoseni ndiye mukubwa wenu?"

"Ni yeye yule, Bwana. Anashinda sana, lakini Fundi anasema ana fujo."

Bulaimu akakohoa.

Bwana Ajenti akatoa barua isiyo na jina, akasoma: wanakutana kila Jumapili, musichana anasoma namba, wengine wanaitikia. Na tena: "Alisema siku Themanini na Moja watakaposhinda, atacheza mbele ya biro ya serikali."

Maneno yangu yale! Lakini njaa ilikuwa imenikamata, sikuweza hata kufikiri niliyasema wapi.

Akanisukumia karatasi. "Weka sahihi. Hapa imeandikwa Amisi ndiye kiongozi. Ukiweka, unarudi nyumbani leo."

"Na Fundi?"

"Fundi atapelekwa mbali."

Tulijua maana yake. Waliopelekwa mbali hawakurudi mwaka ule, wala uliofuata. Fundi alikuwa na watoto sita na mama asiyeona.

"Siweki."

"Nasema weka!"

"Bwana, Fundi hata hamupendi Themanini na Moja. Atakuwaje kiongozi wake?"

Safari hii Bulaimu alikohoa mupaka akageuka ukutani.

Bwana Ajenti akafungua saraka, akatoa gazeti la kwao. Akalifunua mbele yangu. Picha kubwa: ni yeye! Dada yangu! Mbao miguuni, magoti yamekunjwa.

"Mimi najua mashindano haya kuliko wewe," akasema. "Huyu ndiye Halvorsen. Siku ile alivaa kumi na nane. Walioshindana walikuwa arobaini tu. Hakuna themanini na moja. Hakuna! Kwa hiyo unanidanganya."

Nikatazama. Kweli. Kumi na nane.

Nilijiuliza kama mimi ndiye niliyeona vibaya. Lakini watu mia moja tuliona pamoja! Tulimuita hivyo wote, tangu siku ile ile!

Halafu nikakumbuka tulikuwa tumekaa wapi.

Nililichukua gazeti bila kuomba. Nikaenda dirishani. Nikaligandamiza kwenye kioo, picha ikatazama nje kwenye jua, mugongo wa karatasi ukatutazama sisi. Herufi za kurasa mbili zilichanganyika. Lakini ile namba nyeusi ya kifuani ilipenya safi.

Themanini na moja.

"Ninyi mulikaa mbele ya kitambaa, Bwana," nikasema. "Sisi mulituweka nyuma. Nyuma inaonekana hivi. Kama kuna mutu aligeuza namba, si mimi."

Jean-Marie akaacha kupiga mashine.

Bwana Ajenti akawa mwekundu kuanzia shingo mupaka masikioni. Alitazama dirisha, akanitazama mimi, akatazama tena dirisha.

"Murudishe buloko!"

Nikarudishwa. Lakini karatasi yao ilibaki bila sahihi.

Kesho yake ni Jumapili. Siku ya mashindano. Nilikaa kwenye saruji tangu asubuhi najiuliza kama ameshaanza kushuka. Saa tisa, Bulaimu akaja na maji. Akachungulia nyuma yake, akainama kwenye nondo.

"Dada. Nilikuwa chini ya dirisha la Bwana Ajenti. Radio imesema."

"Sema, kaka! Sema!"

"Wako amekuwa wa pili."

"Wa kwanza nani?"

Alisita, kama anayeleta habari ya musiba. "Mama Kofia."

Ng'ambo ya ukuta, upande wa wanaume, kukatokea kelele sijawahi kusikia.

"Nilikuambia!" Ni Fundi Amisi huyo. "Mwanangu Sidonie, nilikuambia! Kuinama! Ni kuinama!"

"Amemushinda kwa sekunde ngapi, Fundi? Usijisifu!"

"Sekunde ni sekunde!"

Na wafungwa wengine, ambao hawakuwahi kuona theluji wala sinema, wakaanza kuuliza: nani? Anainamaje? Fundi akawaonyesha. Nusu saa baadaye buloko yote imegawanyika mara mbili, hawa Mama Kofia, hawa Themanini na Moja, wanapigana kwa maneno kupitia ukuta. Mapulisi walikuja kutunyamazisha. Bulaimu akawaambia, "Ngojeni kwanza, wanakaribia kumaliza."

Jioni ile tukafunguliwa; bila sahihi hawakuwa na kesi. Bwana Ajenti hakututazama usoni.

"Mukutano tena bila ruhusa, fimbo."

"Ruhusa tunaomba kwa nani, Bwana?"

"Kwangu."

"Basi naomba sasa hivi. Jumapili, saa nane, kwa Fundi Amisi. Njoo na wewe, gazeti lako ni zuri."

"Toka!"

Hakusema hapana. Sisi tulihesabu kwamba amekubali.

Pale nje mbele ya biro, Fundi akaniambia, "Pole, mwanangu. Hukupata nafasi ya kucheza."

"Nani kasema? Wa pili si mutu?"

Nikafunga kitenge vizuri. Nikainua muguu wa kwanza.

Na muguu ukiwa bado juu, nikajua.

Fundi alijuaje? Kwa sababu Bwana Ajenti alimusomea na yeye ile barua. Lakini mwandishi wa barua alijuaje? Yale maneno sikuyasema barazani. Niliyasema njiani, mara moja tu, kwa mutu mumoja, anasukuma baiskeli.

Jean-Marie alikuwa amesimama kwenye ngazi za biro. Ananingoja. Kalamu mufukoni.

Nilicheza kwanza. Nilicheza mupaka mwisho, kichwa cha Bwana Ajenti kiko dirishani. Halafu nikamufuata.

"Ni wewe uliandika."

Hakukana. Macho yalijaa machozi kabisa.

"Nilitaka wakutishe tu, Sidonie. Siku moja, urudi nyumbani, tuoane, tutulie. Sikujua watataka kumupeleka Fundi."

"Ulipiga mashine pale mbele yangu. Ulisikia wakinilazimisha. Ulinyamaza."

"Nina kazi. Ningefanya nini?" Akanishika mukono. "Tusahau. Barua nitaichoma. Lakini na wewe chagua: mimi, au hii mizaha yako ya theluji."

Nilimutazama. Nilimupenda, nisiwadanganye. Nilimupenda na suruali yake na Kifaransa chake. Iliniuma mupaka kwenye mifupa.

Nikatoa mukono wangu.

"Jean-Marie, Jumapili kuna mashindano mengine. Nina mengi ya kuandika."

Nikaondoka na Fundi Amisi. Njia nzima alikuwa ananieleza magoti.

Wenzangu munaosoma haya, somo langu ni hili. Aliyenifunga hakuwa Muzungu peke yake. Muzungu alikuwa na ufunguo tu, mulango ulionyeshwa na mutu aliyekuwa anasema ananipenda. Kwa hiyo mutu akikuambia furaha yako haikuhusu, kwamba si ya watu wa rangi yako, si ya wanawake, si ya kwenu, usianze kujieleza kwake. Tazama kwanza yeye anaogopa nini.

Furaha isiyomuumiza mutu haiombewi ruhusa. Mimi niliiomba mara moja tu, tena kwa kejeli.