Njia ya Uji

Nyuma ya hospitali yetu ya zamani palikuwa na pengo katika ua wa michongoma. Hakuna aliyelikata kwa amri ya mtu. Lilitokana na watu kupita, hasa wanawake, ambao kila asubuhi walikatiza kutoka mitaa ya chini na chupa za uji ndani ya vikapu, mchana wakapita tena na hotpoti za wali, na jioni vivyo hivyo. Geti lenyewe lilielekea barabarani na lilikuwa na mlinzi. Lakini hata mlinzi, mkewe alipolazwa kujifungua, uji wake ulipita pengoni. Nyumba yangu iko kando ya njia hiyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikinywa chai barazani huku wanawake wakipita na kunisalimia, na hata siku moja haikunijia kwamba ile nayo ni barabara ya hospitali.

Ilipotangazwa kwamba hospitali itahamia kwenye majengo mapya, huko juu karibu na njia panda ya barabara kuu, niliingizwa katika kamati ndogo ya kupanga usafiri na njia za kufikia. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kusoma ramani nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa kushika kamba za wapima barabara nilipokuwa kibarua wao, kisha kwa vitabu vikuukuu nilivyovinunua kila nilipokwenda Lindi. Katika kamati tulikuwa wanne. Wengine walikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mwenyekiti wa madereva wa bajaji, na mama mmoja muuza samaki ambaye sokoni wote wanamsikiliza.

Swali tulilojiwekea lilikuwa moja: mgonjwa atafikaje? Na kwa swali hilo nadhani tulifanya kazi nzuri. Zamani mtu wa Kiswere alishushwa na basi njia panda, kisha akahangaika kutafuta chombo cha kumleta mjini. Sasa angeshuka karibu na lango. Watu wa Mitole na Tingi, wanaotoka mashambani na mgonjwa juu ya pikipiki, wangepunguziwa safari. Tulichagua mahali pa basi kusimama pasipo na kona. Tulidai mteremko wa saruji kwa wasioweza kupanda ngazi, na uliposakafiwa nilikwenda kuusukumia kigari kitupu cha wagonjwa, nikaona gurudumu linakwama ukingoni, ukasawazishwa. Nilichora pia banda la kivuli ndani ya ua, upande wa nyuma, kwa ajili ya bajaji zinazosubiri abiria. Mwenyekiti wa madereva alilisifu banda hilo kuliko kitu kingine chochote katika mchoro.

Wakati huo huo shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa amelazwa. Alikuwa akipogoa mkorosho wake, tawi likakatika, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Mguu ulining'inizwa kwa kamba yenye uzito mwishoni mwa kitanda, naye akalazimika kulala chali. Madaktari walisema jambo ni subira na chakula. Mfupa wa mtu wa umri wake hauungi kwa njaa. Shemeji ni mtu wa heshima na maneno machache, amesomesha watoto wa mtaa Kurani kwa muda mrefu. Dada alimpelekea chakula mara tatu kwa siku kupitia pengo lile, na afya yake ilikuwa ikienda vizuri.

Siku ya kuhama wagonjwa walipelekwa kwa gari, mmoja mmoja, kwa utaratibu tulioupanga, na hakuna aliyeumizwa. Usumbufu ulianza asubuhi iliyofuata. Dada alisimama kwenye kituo cha bajaji na kikapu chake, na kila bajaji ilikuwa ikishuka sokoni. Hakuna mtu wa kupanda juu saa ile, na bajaji haiondoki na abiria mmoja ila kwa nauli ya watatu. Alipofika wodini, uji ulikuwa umepoa na saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Wanawake wengine nao vivyo hivyo. Mama muuza samaki alikuja kwangu na kuniambia kwamba mji mzima umepelekewa hospitali mbali, sisi tunashangilia kituo cha basi.

Tulikutana tena, tukapata dawa, au ndivyo tulivyoona. Kama watu hawawezi kupanda wote, vyombo viende peke yake. Tukaweka bajaji moja ya kupitia vyakula mara tatu kwa siku, kuanzia kwenye mashine ya kusaga. Kila mwenye mgonjwa angeleta chupa au hotpoti yake akiwa ameifunga kitambaa cha kuitambulisha, na familia zingechangia mafuta. Kule juu wahudumu wangegawa kitanda kwa kitanda.

Dereva tuliyempata ni mtani wa ukoo wa shemeji, mtu mzima wa rika langu, na kwa kuwa ni mtani hakuna aliyeweza kumzuia kusema. Siku ya kwanza alipokea hotpoti ya dada, akaitikisa sikioni.

"Ukoko uko wapi?"

Dada akamwambia ukoko umebaki kwenye sufuria nyumbani, tangu lini hotpoti ikawa na ukoko.

"Basi huyu mzee wenu nambebea bure. Akipona nitamdai mkorosho ule ule uliomwangusha."

Dada alimjibu kwamba ukoo wao ndio uliouroga mkorosho, na watu pale mashineni wakacheka. Bajaji ikaondoka na vyakula vya wagonjwa wote kwa safari moja, vikafika vya moto, kwa saa yake. Nilikwenda kuhakikisha mwenyewe, asubuhi na mchana. Nikaridhika.

Siku chache baadaye dada aliniita kwake. Alikuwa amezipanga hotpoti mbili mezani, ya jana mchana na ya jana jioni. Akafungua ya kwanza, kisha ya pili. Wali ulikuwa umechotwa pembeni kidogo, kama unavyochota mtu anayeonja chumvi. Samaki alikuwa mzima. Aliniambia kwamba imekuwa hivyo tangu hotpoti zianze kupanda bajaji, na kila akimpigia simu mumewe anajibiwa kuwa chakula kilikuwa kizuri, alhamdulilahi, ameshiba. Dada hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza tu kama naona mtu anaweza kuanza kufa huku akisema ameshiba.

Nilipanda juu mchana ule ule. Muuguzi mkuu alinithibitishia kwamba shemeji amepungua, na daktari hapendezwi. Wahudumu wamejaribu kumlisha, akawashukuru na kufumba mdomo. Walidhani ni maumivu.

Shemeji alikuwa chali, macho darini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote. Hotpoti ilikuwa juu ya kabati dogo kando yake, bado imefungwa kitambaa. Niliangalia mkono wake ulivyofika pale kwa shida na jinsi alivyolazwa, na ndipo nikaona jambo ambalo mchoro wangu haukuwa nalo. Mtu aliyefungwa mguu namna ile hawezi kuinuka. Akijaribu kula mwenyewe, mchuzi unamwingia shingoni. Lazima ainuliwe kichwa, alishwe kijiko kwa kijiko, afutwe kidevu.

Nikafungua hotpoti, nikachota, nikapitisha mkono chini ya shingo yake. Akanishika kifundo cha mkono.

"Shemeji," akasema taratibu, "nilimuoa dada yako. Wewe sikukuoa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Nami nilicheka. Shemeji hakucheka. Aliniomba nirudishe kijiko, akanieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ananifundisha aya. Kule chini mkewe alikuwa akija, anatandaza kanga yake kati ya kitanda na watu, anamweka kichwa mkononi, na hakuna aliyemwona anavyolishwa. Watoto aliowafundisha, ambao sasa ni baba za watu, wanapita wodini humu kuwaona wagonjwa wao. Wahudumu ni wasichana, mmoja alikuwa mwanafunzi wake.

"Uji umefika," akasema. "Mtu wake mmemwacha mashineni."

Nilirudi kwa miguu ili nipate nafasi ya kufikiri. Tulikuwa tumepanga njia ya mgonjwa, tukasahau uji. Tukapanga njia ya uji, tukamsahau mwenye kuubeba. Kila mara tuliondoa kitu kimoja ili kingine kiweze kupita. Lakini dada hawezi kupanda na kushuka mara tatu kwa siku, hilo nalo lilikuwa kweli. Nauli ingemaliza kile anachopikia. Kilichowezekana ni kupanda mara moja asubuhi na kushuka mara moja jioni. Basi ilibidi huko juu pawe na mahali pa kukaa, na moto, na maji.

Mahali penyewe palikuwepo. Nilikuwa nimepachora mimi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Mwenyekiti wa madereva alisema banda la bajaji lilikubaliwa na wote, limeezekwa, na vijana wake wameshazoea kivuli. Akauliza kama hospitali imekuwa jiko. Muuguzi mkuu, ambaye nilidhani atampinga, alisema kwamba hospitali imekuwa jiko siku zote. Akatueleza habari ambayo sisi wa mjini hatukuwa nayo. Wanawake wanaosindikiza wagonjwa kutoka Kiswere na Mitole hawakuwahi kuwa na pengo la michongoma. Hawana nyumba hapa. Kule chini walipika nyuma ya chumba cha kufulia, kwa mawe matatu, wakifukuzwa na kurudi, na usiku walilala barazani. Huku juu wamekatazwa kabisa kuwasha moto, wanakula mikate mikavu. Nilikuwa nimewapigia hesabu kuwa wamepunguziwa safari.

Mama muuza samaki alimgeukia mwenyekiti wa madereva na kumuuliza mama yake alilazwa lini mara ya mwisho. Akajibu. Akamuuliza nani alimpikia. Mwenyekiti akasema ni mke wake. Mama akaendelea kumtazama, hata yule bwana akavua kofia na kuikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Hamisheni," akasema. "Lakini vijana wangu wakiungua na jua ng'ambo ya barabara, mtawapa maji."

Tuliwaahidi maji, na tukawapa. Bomba la ng'ambo nililivuta mwenyewe. Banda likawekewa majiko ya udongo yaliyoinuliwa, kwa sharti la muuguzi kwamba moshi usielekee wodini, na kwa hiyo nilijenga ukuta mfupi upande wa upepo wa kusi. Bajaji ya vyakula ikageuka kuwa bajaji ya kupandisha wanawake asubuhi, pamoja na unga, kuni na nazi zao. Mtani alilalamika kwamba zamani vyombo vilikaa kimya njiani.

Dada alipanda siku ya kwanza. Nilimkuta bandani mchana, wali wake ukiwa jikoni, na pembeni mwanamke wa Kiswere akimwonyesha namna ya kuweka kuni katika majiko yale mapya. Alichota uji wa mtama bakulini, akauonja, akajifunga kanga moja na nyingine akaitupia begani. Aliniambia nimwangalizie wali usiungue.

Nilimfuata kwa macho tu. Mlango wa wodi uko wazi upande ule, na kitanda cha shemeji si mbali nao. Nilimwona akiweka bakuli juu ya kabati, akichomeka ncha moja ya kanga kwenye chuma kilichobeba kamba ya uzito na nyingine kwenye kichwa cha kitanda. Kanga ikashuka. Baada ya hapo sikuona tena kitu ila kiwiko chake kikiinuka na kushuka, kwa mwendo mmoja, kwa muda mrefu. Yule mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amegeukia ukuta kwa adabu.

Nilipanga makaa juu ya kifuniko, nikayapunguza chini. Mfupa ulikuwa bado haujaunga, na hakuna aliyeweza kuahidi. Mtani alikuja kutoka ng'ambo ya barabara, akanawa mikono bombani bila kuulizwa, akachuchumaa karibu na sufuria.

"Anakula?" akaniuliza.

Nikamwambia anakula.

Akaitikia kwa kichwa, hakutania. Dada alipotoka na bakuli tupu na kupakua wali, mtani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na dada akamkwangulia ukoko wote.