Kiti Salama cha Manassas

Mutai hajawahi kukanyaga Australia. Hata kwa ndege hajawahi kupita juu yake. Lakini mshike bega arusini umuulize ni jimbo gani la mashambani huko linaweza kumwangusha mbunge wake, na atakusimamisha hapo mpaka pilau ipoe. Ndiyo kazi yake. Kuna ofisi ndogo mjini Washington inayouza habari za chaguzi za nchi za watu kwa wenye migodi na wenye ngano. Kazi zilipogawanywa, wenzake walizikimbilia Uingereza na Ufaransa, naye akaachiwa majimbo ya kondoo ambayo hakuna aliyeyataka.

Akayapenda. Aliona kumbe ni kwao Bomet tu, ila kondoo wamezidi: daktari hakuna, barabara mbovu, bei ya maziwa inapangwa na mtu asiyejua ng'ombe anakamuliwa upande gani, na vijana wameshahamia mjini. Jimbo moja huko magharibi ni kubwa kuliko Kenya mara mbili na zaidi, na mbunge ni mmoja, maskini. Kabla ya kila uchaguzi Mutai aliandika wasifu wa kila jimbo, na alikuwa na sentensi moja aliyoipenda hadi bosi wake akaichoka: kiti salama hakijengewi daraja. Maana yake, mbunge akijua kura ni zake tu, haji kuomba, na daraja linapelekwa kwa jirani anayebishaniwa. Mpaka siku moja watu wanachoka, wanamchagua mtu asiye na chama, na mheshimiwa anabaki akijiuliza amekosa nini.

Kila wasifu ulipita kwanza mikononi mwa mkewe, Jacqueline, nesi katika nyumba ya wazee. Aliusoma akinywa chai, akafuta majigambo, akarudisha. Majigambo hayakuwa haba.

Sasa, kuna kidonda kimoja cha Mutai ambacho lazima ukijue. Kabla ya kuja Marekani aliwahi kugombea kiti cha wadi kwao, akapata kura chache kuliko idadi ya binamu zake. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja duniani, na wala hakulificha: watu waliokaa pamoja, wenye akili timamu, wamchague yeye. Mara moja tu, kabla ndevu hazijawa nyeupe zote.

Nafasi ikaja na uchaguzi wa Umoja wa Potomaki, chama chetu cha kuzikana na kuozana. Umoja una matawi matatu pembezoni mwa Washington: Temple Hills, Riverdale Park na Manassas, anakoishi Mutai. Mwenyekiti alikuwa Peterson wa Temple Hills, aliyekalia kile kiti hadi kikachukua umbo lake. Nyaguthii wa Riverdale Park alitaka kumng'oa. Hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu walipogombania hema la msiba mmoja, na hapo ndipo Mutai alipoiona njia yake.

"Tupige kura kama Australia," aliwaambia mkutanoni. "Huchagui mmoja. Unawapanga wote: namba moja, mbili, tatu. Mwenye namba moja chache zaidi anatoka, na karatasi zake zinaenda kwa yule aliyewekwa namba mbili. Ni fair kabisa."

Peterson alikubali kwa sababu hakuelewa na aliona haya kuuliza. Nyaguthii alikubali kwa sababu alimwona Peterson ametoa jasho. Mutai alikuwa ameshapiga hesabu: watu wa Peterson hawawezi kumpa Nyaguthii namba mbili, na wa Nyaguthii hawawezi kumpa Peterson. Wote watampa yeye. Kilichobaki ni asitoke wa kwanza.

Basi akaandika wasifu wa majimbo, akautupa kwenye WhatsApp ya Umoja. Temple Hills: ngome ya mwenyekiti, wapiga kura wanampenda Mungu, nyama choma na Peterson, na mpangilio hubadilika nyama ikiiva. Riverdale Park: manesi watupu, hotuba hawana muda nayo, zungumza nao wakivaa viatu. Manassas: wapiga kura wawili, mume na mke. Kiti salama. Kampeni haihitajiki.

Watu walicheka wiki nzima. Jacqueline aliweka dole gumba, basi.

Kampeni ikaanza. Kila wikendi Mutai alikuwa barabarani. Temple Hills alikula chapati za watu hadi vifungo vya shati vikalalamika. Riverdale Park, fundi magari mmoja aitwaye Mwita alilalamika kwamba bomba la sinki lake linavuja. Mutai akalala chini ya sinki na tai yake shingoni, akalikaza, akapigwa picha. Picha ikapata makofi mengi. Huko kwake Manassas, bomba la sinki lilikuwa likivuja tangu kabla ya Pasaka. Chini yake palikuwa na mkebe wa aiskrimu, na Jacqueline aliumwaga kila asubuhi akitoka kazini, kabla hajavua viatu.

"Baba Audrey, na hii bomba yetu?"

"Nikimaliza Riverdale, mama. Hapa si ni nyumbani?"

Siku ya uchaguzi tulikutana ukumbini Temple Hills. Mutai alishika jiko mwenyewe akachoma soseji, eti Australia huwezi kupiga kura bila soseji. Watu wa Peterson walizitazama zile soseji kama watu walioahidiwa mbuzi. Msimamizi alikuwa Ombeni, mtu wa Goma, aliyeaminiwa kwa sababu alikuwa amegombana na kila upande kwa usawa. Mutai alikuwa amedai matokeo yasomwe tawi kwa tawi, hadharani, kama nchi zilizoendelea. Alidai yeye mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

"Tunaanza na Manassas, juu ndiyo kidogo kupita yote," Ombeni akasema. "Ma-voix mbili, kura mbili tu. Namba moja: Mutai, moja."

Mutai akatabasamu kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi.

Ombeni akaigeuza karatasi ya pili, akaigeuza tena. "Nyaguthii, moja."

Mwita akapaza sauti kutoka nyuma, "Kikulacho ki nguoni mwako!" na viti vikaanza kuanguka kwa kicheko. Mutai alimgeukia mkewe. Jacqueline alikuwa akila soseji yake taratibu, macho mbele, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Hesabu ilipokwisha, Peterson alikuwa na kumi na tano, Nyaguthii kumi na nne, Mutai kumi na tatu. Akatoka wa kwanza. Karatasi zake zikagawanywa, nyingi zikamwangukia Nyaguthii, na Nyaguthii akawa mwenyekiti. Hebu fikiria uchungu wake: mpango wote ulikuwa sahihi. Kura moja ya Manassas ingehama, Nyaguthii angetoka yeye, na watu wake wangembeba Mutai juu juu. Aliumia sana, na mimi niliyecheka hadi nikalia nilimwonea huruma baadaye.

Kwenye gari Audrey, binti yao ambaye hajafika umri wa kupiga kura, alishindwa kujizuia.

"Dad, you lost your own house. Umeshindwa hata nyumbani kwako!"

"Audrey, nyamaza," mama yake akasema.

Walipofika jikoni, Mutai alisimama na koti lake. "Kwa nini, Jacqueline?"

"Uliniomba?"

"Mimi ni mume wako!"

"Hiyo ni ndoa, si kampeni. Nyaguthii alinipigia simu. Aliniuliza mgongo unaendeleaje. Wewe ulijua mgongo unaniuma?"

Mutai hakujua.

"Nimesoma majimbo yako yote, Baba Audrey. Ni nani aliandika kiti salama hakijengewi daraja?"

Mganga hajigangi. Chini ya sinki tone likadondoka mkebeni, wote watatu wakalisikia.

"Nimekumiss," Jacqueline akasema, na sauti yake haikuwa na makali tena. "Jioni uko Australia. Wikendi uko Riverdale. Nilitaka siku moja tu upite Manassas kuomba kura."

Ile kura ya kwao Bomet ilimwaibisha, hii ilimchoma. Alivua koti, akachukua spana, akalala chini ya sinki na tai yake shingoni. Hakuna aliyempiga picha. Jacqueline aliwasha tochi ya simu, akachuchumaa kwa shida karibu naye.

"Mgongo unauma wapi?" Mutai akauliza kutoka kule chini.

"Hapa kiunoni, upande wa kushoto. Nikiinua wazee."

"Tangu lini?"

Akamwambia, kirefu, na Mutai akasikiliza hadi mwisho bila kutaja kondoo. Kisha akaikaza nati, akajifuta maji usoni.

"Imekwisha. Sasa naweza kuihesabu kura yako?"

"Tutaona," alisema Jacqueline, akaurudisha mkebe chini ya bomba, maana wanasiasa anawajua.