Kibuyu cha Kanyamibwa

Mwaka 1966, mtu mkubwa kuliko wote pale kijijini Mushaki, Kivu, alikuwa Léonard Kanyamibwa. Shamba lake lilikuwa dogo. Alichokuwa nacho ni kibuyu.

Mwalimu Damien ndiye aliyeleta sataranji, na kwa kuwa watu walibishana kila Jumapili nani bingwa, akaleta na sheria. Kila mchezaji aanze na maharagwe sawa kibuyuni. Ukimshinda aliyekuzidi, unachota konzi nzima kibuyuni mwake. Ukimshinda mdogo wako, unapata punje moja. Vibuyu vilizibwa kwa udongo, vikakaa juu ya kabati la Damien; kilifunguliwa cha aliyecheza tu. Na punje iliyotobolewa na fukusi haihesabiwi. Kifungu hicho wakulima wote walikisikia, wakasahau.

"Muntu anaweza kupanda mpaka wapi?" Léonard aliuliza siku moja.

"Haina mwisho, Papa," Damien akajibu.

Léonard aliutazama ule mstari wa vibuyu vyepesi vya wenzake kando ya chake kilichojaa, akaona mwisho uko karibu sana. Akishinda, punje moja; akishindwa, konzi. Basi alifanya wafanyavyo matajiri wote: akaacha kucheza. "Mugongo inaniuma," alisema. Mgongo huohuo ulilima mihogo wiki nzima bila kulalamika.

Alichokilinda ni safari. Siku ya Pentekoste kamyo ya misioni ingempeleka Bukavu mwenye maharagwe mengi kuliko wote, akacheze na mabingwa wa huko. Léonard alitaka kuwaona watu hao kabla hajafa.

"Ulitia majivu ya kuzuia fukusi?" mkewe Mukandayisenga alimuuliza.

Akacheka. Majivu ni ya maharagwe ya kula. Yale yalikuwa heshima.

Pentekoste, Damien alivunja udongo wa kibuyu cha Léonard mbele ya watu. Kilichotangulia kutoka ni unga.

"Iko mashimo," Damien alisema, akiinua punje. "Hii nayo. Hii nayo."

Kibuyu cha Marcellin seremala, kilichofunguliwa na kumwagwa kila Jumapili alipocheza, hakikuwa na fukusi. Walipomaliza kuhesabu, Léonard alimzidi kwa punje moja tu.

"Papa Léonard, mugongo iko namna gani leo?" Marcellin aliuliza. "Tucheze, ao utaichunga na hiyo punje moja?"

Watu wakacheka. Dereva wa kamyo akapiga honi. Kukataa mbele ya umati ule kusingewezekana, na sare ilimtosha Léonard. Akakaa.

Hakushambulia hata mara moja. Alimzungushia mfalme wake watu, kama ndugu waliomzunguka mgonjwa. Marcellin, asiye na njia ila kushinda, alitupa mnara mzima. Léonard aliliona pengo: malkia atoke, na mchezo umekwisha. Mkono wake ukaenda juu ya malkia, ukabaki hewani. Na kama ni mtego? Dereva akapiga honi tena.

Akamwacha malkia, akasogeza askari mdogo kando ya mfalme.

"Aksanti, Papa," Marcellin alisema, safari hii bila mzaha, na farasi wake akaruka juu ya wote. Mfalme alitafuta pa kutokea. Kila mlango ulikuwa umezibwa na mtu wake mwenyewe.

Kamyo ikashuka kuelekea Sake na Marcellin juu ya magunia. Léonard alibeba punje zile zenye mashimo hadi nyumbani. Mukandayisenga alizimwaga kwenye ungo, akapepeta.

"Hii njo heshima?"

"Njo hiyo," Léonard akakubali.

Mkewe akawatupia kuku. Jumapili iliyofuata, mgongo ulikuwa umepona.