Foleni Mbili za Binti wa Dada Yangu

Katikati ya miaka ya tisini, binti wa marehemu dada yangu alinifikia Toronto kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, tulikokimbilia Warundi wengi. Alikuwa na miaka saba na hakusema neno. Nilidhani ni uchovu wa safari. Mwezi ukapita, bado hasemi, anajikojolea, na king'ora cha moto kikilia katika jengo letu la mtaa wa Parkdale anajipenyeza nyuma ya kochi, hatoki mpaka apende mwenyewe.

Shuleni waliniambia hawezi kushika kalamu na anauma wenzake. Wakanituma kwa wanaotibu watoto walioona vita. Mama mmoja mpole wa huko akasema tiba yao ni kuzungumza na kuchora, na mtoto huyu hawezi hata kimoja. Nimpeleke kwanza kwa wanaoshughulikia watoto waliochelewa kukua. Nikasubiri miezi minane. Hao nao wakampima asubuhi nzima kwa Kiingereza, wakasema hawawezi kujua kama amechelewa au ameogopa. Apone hofu kwanza, ndipo arudi.

Wakati huo nilikuwa nawaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na kila miadi nilimbembeleza msimamizi anipe ruhusa. Kanisani walituombea. Kisha mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto hakutupiwa kitu huko alikotoka. Sikukanyaga kanisani kwa muda mrefu.

Nikaomba apimwe tena, safari hii kwa Kiswahili alichokizoea kambini. Mkalimani alikuwa mama wa Kihindi mwenye asili ya Goa, mstaafu, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Mpimaji akatandaza picha, akataka mtoto aguse kiatu cha kutelezea kwenye barafu. Mtoto akatazama ukuta. Yule mama akamwambia mpimaji jambo, kisha akanigeukia.

"Nimemwambia mimi mwenyewe kitu hicho nilikiona nikiwa na miaka arobaini."

Mpimaji akakusanya picha zake. Akauliza mtoto alikuwaje kabla ya vita.

Swali hilo nililijua. Kila ofisi nilijibu, "Alikuwa mzima kabisa." Niliogopa wakijua ana kasoro ya kuzaliwa watamrudisha kambini. Tena niliona kama namsengenya dada yangu kaburini. Nikajibu vilevile.

Mama yule hakutafsiri mara moja. Alinitazama.

"Mwanangu," akasema, "sijawahi kuona mtoto akirudishwa kwa jambo hilo. Lakini ukificha, watamtibu mtoto mwingine, si huyu."

Nikasema. Kwamba alikaa akiwa na mwaka na nusu, akatembea akiwa na miaka mitatu, na dada yangu alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamcheka. Kwamba siku nyumba yao ilipovamiwa, mama yake alimficha chini ya magunia ya maharage, akabaki humo siku mbili kabla hajapatikana. Hatujui kama alinyamaza kwa hofu au kwa kukosa neno la kumwitia mtu. Mkalimani aliposikia hayo alivua miwani, akaomba maji, akanywa, akaendelea kutafsiri.

Mpimaji akaandika yote mawili, kuchelewa na hofu, katika barua moja. Kwa barua ile mtoto alipata darasa la watoto sita, na mwalimu wa kumfundisha kusema. Miezi kadhaa baadaye, nilipotaka kuondoa sahani yake mezani, aliishika kwa mikono miwili akasema, "Bado." Nikaiacha pale mpaka chakula kikapoa.

Hakujifunza kusoma. Hofu ilipungua, haikuisha. Mwalimu wake aliwahi kunisifu kwa uvumilivu wangu na zile ofisi. Nilimshukuru, lakini sikuweza kumtazama usoni, maana sehemu ya muda ule haikupotezwa na ofisi. Niliipoteza mimi, kwa maneno matatu niliyoyarudia mlango kwa mlango.